Kaa Si Samaki

Wiki yangu ya kwanza kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Gisenyi, mwanamume mwenye koti la kijivu aliingia darasani kwangu bila kubisha hodi, akachukua kifutio, akafuta maneno mawili ubaoni. Nilikuwa nimeandika "Samaki", na chini yake sato, sangara, papa, kamba, kaa. Alifuta kamba na kaa. Kisha akajipangusa chaki mikononi, akanigeukia.

"Madame, mi sikatai Kiswahili yenu ya Tanzania. Iko muzuri, kama nguo ya siku kuu. Lakini kaa haiko samaki. Kamba nayo haiko samaki. Usiharibie batoto kichwa."

Akatoka, akafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka kanisani. Wanafunzi hawakucheka, walikuwa wamemzoea. Mimi ndiye niliyebaki na chaki mkononi nikijiuliza nimehamia mji gani.

Huyo ndiye Mwalimu. Shuleni tulikuwa walimu wengi, lakini mtu akisema "Mwalimu" bila kuongeza kitu, hata mkuu wa shule alijua anasemwa nani: mzee wa biolojia, aliyerudi kutoka Kongo na mke wake, Kifaransa chake, na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa. Aliamini kwamba maovu mengi ya dunia huanza pale mtu anapoita kitu kwa jina lisilo lake. Ukimwomba mfano, na hata usipomwomba, alikupa kaa na samaki.

Somo hilo alilifundisha kila mwaka, na kila mwaka lilimeza masomo mengine. Moyo wa binadamu aliupitia mbiombio, maua aliyapa alasiri moja. Akifika kwa kaa na samaki, kengele ilikuwa kelele za watu wengine. Aligawa ubao kwa mstari mmoja, samaki wa mifupa huku, jamii ya kaa kule, akaanza kuzunguka darasa mikono ikiwa nyuma.

"Samaki anaweka mufupa wapi?"

"Ndani!"

"Kaa anaweka wapi?"

"Inje!"

"Donc, kaa akitaka kukomaa, atafanya je?"

Hapo darasa lilinyamaza, maana swali hilo alipenda kulijibu mwenyewe. Aliinama kidogo, akashusha sauti. Samaki, alisema, anakua kila siku kidogo kidogo, mifupa na nyama pamoja, hakuna anayeshtuka. Kaa hana bahati hiyo. Nyumba yake ni ngumu na haipanuki. Ikimbana lazima aipasue, atoke akiwa laini kama ugali wa moto, ajibanze chini ya jiwe mpaka ganda jipya likauke, na siku hizo chochote kipitacho kinaweza kumla. Alilisimulia vizuri. Watoto waliokuwa wakichorana migongoni kwa kalamu waliacha.

Uzuri uliishia hapo, kwa sababu kilichofuata ni kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake alihifadhi kaa mmoja mkavu aliyeokotwa kwenye mawe ya ziwani miaka mingi iliyopita. Kwa kupitishwa mikononi mwa vizazi vya wanafunzi, kaa huyo alikuwa amepukutika.

"Muhesabu miguu. Iko ngapi?"

"Sita, Mwalimu."

"Iko kumi."

"Mwalimu, mi naona sita."

"Zingine ziko retraite, zilishastaafu. Andika kumi."

Wakaandika kumi. Adui mkubwa wa majina ya uongo hakuona tabu kuita sita kumi. Kwenye jedwali lake pia palikuwa na mstari uliosema kwamba kaa mama hubeba mayai yake chini ya tumbo, lakini samaki humwaga yake majini akaenda zake. Binti mmoja akanyoosha mkono, akauliza habari za tilapia, ambaye huwaficha watoto wake mdomoni.

"Hiyo ni exception," Mwalimu akasema.

"Tuiandike?"

"Exception haiingiaka mu examen."

Nilipoona tumekuwa majirani, maana nilipanga nyumba mtaa mmoja na yeye, niliamua kutafuta amani. Nikapekua vitabu, nikakuta kwamba jamii nzima ya kaa na kamba kwa Kiswahili inaitwa gegereka. Nikampelekea neno hilo kwa furaha, kama mtu anavyopeleka sukari kwa wakwe. Alilirudia mara kadhaa, akilitafuna.

"Ge-ge-re-ka. Madame, hii ni jina ya ugonjwa ya ng'ombe."

Hata hivyo hakulitupa. Wiki iliyofuata nilimsikia akimfokea mwanafunzi aliyechelewa: "We gegereka, ingia!"

Lugha ya kufundishia ilipogeuzwa kutoka Kifaransa kuwa Kiingereza, tulidhani sasa atashindwa. Hakushindwa. Alikiingia Kiingereza kwa viatu vyake vilevile vya Kifaransa. Neno lao la jamii ya kaa, "crustacean", lilipotoka kinywani mwake lilifanana kabisa na neno lao la Mkristo, "Christian", na mwanafunzi mmoja akaandika katika mtihani kwamba Wakristo wana miguu kumi, hupumua kwa matamvua, na hubadilisha ngozi wanapokua. Baba yake, mzee wa kanisa, alikuja shuleni akiwa amekunja karatasi hiyo mfukoni. Mwalimu aliisoma, akamrudishia. "Muzee," akamwambia, "mutoto amejibu vizuri. Ni wewe hukusoma."

Angekuwa mtu wa bahari au wa ziwa tungemwelewa, lakini Mwalimu maji aliyaogopa. Sikuwahi kumwona akilowesha hata kifundo cha mguu. Siku tuliyowapeleka wanafunzi ufukweni kuona viumbe hai, kaa mdogo, mkubwa kidogo kuliko kifungo cha koti, alitoka chini ya jiwe akakishika kipindo cha suruali yake. Mwalimu alipanda juu ya mwamba kwa wepesi ambao hakuna aliyeujua. Akiwa huko juu alitangaza kwamba kaa ana miguu kumi na kwamba tuhakikishe wenyewe. Na samaki wa mifupa, ambao aliijua mifupa yao kwa majina ya Kilatini, hakuweza kuwala. Ilimkwama. Mke wake, mama mpole asiyesema sana, alimchambulia kila tonge mezani mbele ya wageni, naye akila huku akitueleza kazi ya kila mfupa uliokuwa ukitolewa.

Kidini alikuwa Mkatoliki wa kukaa viti vya nyuma, na katika Biblia nzima alipenda mistari michache tu, ile ya Mambo ya Walawi inayoruhusu viumbe wa majini wenye mapezi na magamba na kuwakataa wengine. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba Musa alisoma biolojia. "Muone," alisema, "Wamisri walikuwa na shule." Amri zilizobaki hakuzitilia mkazo sana, hasa zile zinazohusu upendo.

Nasema hivyo kwa sababu ya yule mama wa mpakani. Mwalimu alikuwa akivuka kutoka Goma, upande wa Kongo, na mbele yake kwenye foleni alisimama mama mfanyabiashara wa Cyanzarwe na mfuko wa kamba wakavu. Askari akamuuliza amebeba nini, naye akajibu kwa Kinyarwanda, "Ni samaki." Askari alikuwa ameshaanza kumpungia mkono apite. Mwalimu akakohoa.

"Afande, pardon. Hii haiko samaki."

Akaeleza. Askari akamsikiliza kwa makini, kisha akamwambia mama afungue mfuko, na maadamu kilichotajwa sicho kilichokuwamo, mama akawekwa pembeni juani mpaka jioni. Nilipomuuliza Mwalimu kwa nini, alinishangaa mimi.

"Madame, we ungependa nidanganye serikali?"

"Hakukuuliza wewe, Mwalimu."

"Kweli haingojaka kuulizwa."

Basi mtu huyo ndiye aliyekuwa akinywa chai nyumbani kwangu mara kwa mara. Ninaishi na dada yangu mkubwa, aliyekuja kukaa nami baada ya kufiwa na mumewe. Dada yangu ni mtu wa maneno machache na jiko zuri. Mwalimu alimpenda kwa hilo la pili, na alimtania kwamba yeye na sambaza ni ndugu, kwa sababu hata sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, waliletwa kutoka Tanganyika kama sisi. Jioni moja, sahani ya sambaza wa kukaanga ikiwa mezani, dada akasimulia kisa kilichompata zamani Dar es Salaam. Rafiki alimkaribisha kamba wa nazi. Hakumaliza sahani. Midomo ilivimba, koo likaziba, akapelekwa hospitali akiwa hajui yuko wapi, na daktari akamwambia akigusa kamba tena anaweza asiamke.

Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Na samaki unakula?"

"Si unaniona?"

"Na haivimbi?"

"Haivimbi."

"Voilà!" Akaigonga meza. "Madame, unaona? Tumbo ya dada yako inajua biologie kukupita."

Alikisimulia kisa hicho darasani, kanisani, na kwenye kijiwe cha mapikipiki. Kwa hiyo asije mtu akasema hakujua.

Binti wa kaka yetu alipoolewa, sherehe ilifanyika kwenye hoteli moja kando ya ziwa. Wageni walitoka Kigali, Goma, Kampala na Tanzania, na mshereheshaji alirukaruka kati ya Kinyarwanda na Kiswahili ili asimwache mtu. Dada yangu, kwa kuwa ndiye shangazi wa bibi harusi, alikaa meza ya mbele amevaa mushanana, vazi la sherehe la Kinyarwanda, la rangi ya zambarau. Mimi nilikuwa pembeni yake. Meza ya walimu ilikuwa nyuma yetu kidogo, na Mwalimu alikuwapo, koti la kijivu limepigwa pasi.

Hoteli ilitaka kuwatambia wageni wa Kigali. Kabla ya chakula chenyewe, wahudumu walipita na sinia za vitu vidogo vya mviringo, vimeviringishwa kwenye unga wa mkate na kukaangwa mpaka vikawa rangi ya dhahabu. Huwezi kujua ndani kuna nini. Dada alimshika mhudumu mkono.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Ni samaki, mama."

Hakuwa na nia mbaya. Kwake, kama kwa watu wengi, kila kitokacho majini ni samaki. Dada akachukua, akala, akasifu, akachukua kingine.

Niligeuka nyuma kuwasalimia wenzangu, ndipo nilipomwona Mwalimu amekipasua cha kwake kwa uma na kukiinua kwenye mwanga. Alikitazama, kisha akatazama meza yetu. Alitutazama vizuri kabisa. Nikadhani ananisalimia, nikampungia mkono. Hakunijibu. Akasimama na uma wake, akapita nyuma ya kiti cha dada yangu, karibu hata pindo la koti likagusa mgongo wa kiti, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mshereheshaji, akanyoosha mkono kuomba maikrofoni.

"Tunaye mzee wetu hapa," mshereheshaji akasema, "anataka kubariki maharusi!"

Vigelegele vikapigwa. Mwalimu akangoja vipoe.

"Bageni ba heshima. Mi niko mwalimu wa biologie. Mumeambiwa hapa munakula samaki. Mumedanganywa."

Kicheko cha kwanza kikatoka meza za Kampala.

"Samaki iko na mufupa ndani. Hii," akainua uma, "haina mufupa hata moja. Mufupa yake ilikuwa inje, kuisini kwa bapishi wameimenya. Hii ni crustacé. Ni ndugu ya kaa."

Watu wakapiga makofi wakidhani ni vichekesho vilivyolipiwa. Kaka yangu, aibu imempanda mpaka masikioni, akainuka meza kuu. "Mwalimu, tafadhali, kaa! Kaa, mzee wangu!" Nyuma ya ukumbi walikuwapo vijana wengi waliofundishwa naye, na neno hilo likawapata kama petroli inavyopata kiberiti. "Kaa! Kaa! Kaa!" wakaimba, wakigonga meza. Ukumbi mzima ukaitikia. Mwalimu alikuwa amesimama katikati uso unang'aa.

"Ndiyo! Kaa! Munaona? Munajua, hamutaki tu kusema!"

Nilicheka na mimi, nikamgeukia dada ili tucheke pamoja. Alikuwa ameweka uma chini. Mdomo wa juu ulikuwa umeanza kujaa upande mmoja.

"Mdogo wangu," akaniuliza, na sauti tayari si yake, "amesema ni nini?"

"Amesema si samaki. Ni jamaa wa kaa."

"Basi nimekwisha."

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka kwamba kicheko hakikukatika mara moja, kilikufa meza kwa meza, kwa kadiri watu walivyoona. Mjomba wa bwana harusi, mwanajeshi aliyekulia Uganda, aliruka viti akamnyanyua dada kama mtoto. "Gari iko wapi? Mupishe njia! Okay, okay, mama, pumua!" Na juu ya yote hayo, kwenye spika zote za ukumbi, sauti ya Mwalimu ikawa inasema, "Hii ndiyo mi nilikuwa nasema! Muangalie! Hii ndiyo mi nilikuwa nasema!" Alikuwa hajarudisha maikrofoni. Walimnyang'anya akiwa mlangoni, na bado alifika kwenye gari kabla yangu, akakaa kiti cha mbele.

Njiani dada alikuwa na kichwa mapajani mwangu, anavuta pumzi kwa mlio kama bawaba ya mlango. Mwanajeshi aliendesha huku akipiga honi mfululizo. Mwalimu aligeuka nyuma kutueleza kwamba damu ya kaa si nyekundu kama ya samaki, ina rangi ya bluu. Mwanajeshi akamwambia kwa upole, bila kuondoa macho barabarani, kwamba akiongeza neno jingine atamshusha gari likiwa kwenye mwendo.

Hospitali walitupokea haraka. Dada akachomwa sindano, akawekewa hewa, akatundikiwa maji. Tulisimama kando ya ukuta tukihesabu kifua chake kinavyopanda. Kilipoanza kupanda bila mlio, nilikaa chini sakafuni na gauni langu la sherehe. Daktari, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, akauliza mgonjwa amekula nini.

"Samaki," akajibu mwanajeshi kabla sijafungua mdomo, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa na mhudumu, na ya Mwalimu aliyachukua kuwa vichekesho.

"Basi mama," daktari akamwinamia dada, "kuanzia leo samaki hakuna. Tilapia hakuna, sambaza hakuna. Kitu chochote cha ziwani, hapana. Tumeelewana?"

Dada hakuwa na sauti. Alitikisa kichwa kukataa, machozi yakamshuka, na daktari akadhani ni woga.

"Docteur, hapana!"

Mwalimu alikuwa mlangoni. Muuguzi alijaribu kumsukuma nje, naye akashika fremu kwa mikono miwili.

"Huyu mama anakula sambaza kila siku ya Mungu! Mi nashuhudia, nimekula naye! Hakukula samaki, alikula kamba. Ukimukataza samaki umemunyima chakula bure. Na kamba utamuachia, kesho atakula tena, maana wewe umemwambia adui ni samaki. Andika jina ya kweli, Docteur! Jina!"

Daktari akamwinamia dada tena. "Mama, sambaza unakula bila shida?" Dada akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. "Na uliwahi kuvimba ulipokula kamba?" Akaitikia tena.

"Basi ni kamba," daktari akasema. "Kamba, kaa, na jamii yao. Samaki, kula."

Kwa hiyo sitasema Mwalimu hakufanya kitu. Dada yangu anakula sambaza mpaka leo kwa sababu ya mzee aliyekataa kutolewa mlangoni. Nimechelewa kulitaja kwa sababu yeye mwenyewe alilitaja mno. Baada ya mwezi mmoja hadithi ilikuwa imebadilisha ganda. Kwanza mwanajeshi alitoweka ndani yake, Mwalimu ndiye aliyembeba mgonjwa. Kisha gari likatoweka, alimbeba kwa miguu. Daktari akawa madaktari, nao wakamwomba awafundishe. Kila Jumapili baada ya misa alifika nyumbani kwangu, mara nyingi na wageni kutoka Goma, akimwonyesha dada kwa mkono uliofunguka. "Huyu ndiye mugonjwa wangu." Wageni wakamtazama dada midomoni.

Dada alivumilia muda mrefu. Jumapili moja aliweka chini birika, akafuta mikono kwenye kitenge, akaketi, jambo ambalo hakuwa akilifanya wageni wakiwapo.

"Mwalimu, siku ile uliniona?"

"Nani hakukuona? Ulikuwa shangazi wa bibi harusi."

"Uliniona nakula?"

Mwalimu akaweka kikombe chini.

"Ulipita nyuma ya kiti changu," dada akasema. "Koti lako lilinigusa. Ulijua habari zangu zote za Dar es Salaam. Kwa nini hukuinama ukaniambia?"

"Mama, maikrofoni..."

"Maikrofoni ilikuwa mbali kuliko sikio langu."

Wageni wa Goma walichungulia ndani ya vikombe vyao. Mwalimu aliinuka. Alichukua mwavuli wake akaondoka, akawaacha wageni kwangu, ikabidi niwasindikize mimi. Hakurudi Jumapili iliyofuata wala zilizofuata. Alistaafu. Mke wake akafariki, tukaenda msibani, akatupa mkono kama alivyowapa watu wengine. Halafu tukasikia kwamba binti yake, aliyeolewa Bugeshi, amemchukua.

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, dada aliamka asubuhi moja akasema, "Twende tukamwone yule mzee." Nilimuuliza imekuwaje. "Hakuna kilichokuwa. Mimi nazeeka, yeye amezeeka. Sitaki kwenda kumtazama akiwa ndani ya sanduku."

Bugeshi ni juu, chini ya milima ya volkano, na baridi yake haina adabu. Tulipanda pikipiki tukiwa tumejifunga mablanketi, kati ya mashamba ya viazi yasiyo na mwisho. Tulimkuta amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, koti lilelile, limemzidi sasa. Binti yake alipotuona, na kusikia tumetoka Gisenyi, alipiga makofi.

"Ayi we! Nyinyi ndio wale wa harusi! Papa anatusimuliaga. Jumapili watu wakitoka kanisani wanajaa hapa kumusikiliza."

Mwalimu alitazama viatu vyake. Binti akaenda kuchemsha chai. Tulikaa. Ng'ombe mmoja alikuwa akikohoa nyuma ya nyumba. Tulizungumza juu ya viazi, juu ya mgongo wake, juu ya nani shuleni amehama na nani amekufa. Kisha akasema, bila kumtazama dada:

"Mi nilikuona."

"Najua," dada akasema.

"Nilikuona unaweka mu kinywa. Nikakumbuka maneno ya Dar es Salaam. Nikasema, nikimwambia yeye tu, batasikia bangapi? Mutu moja."

"Huyo mmoja ndiye aliyekuwa anakufa, Mwalimu."

Ukungu ulishuka ukafunika mlima, ukafunika na nusu ya shamba.

"Ndiyo," akasema. "Huyo moja."

Hakuomba msamaha, na dada hakumdai. Chai ikaja, ya maziwa, yenye tangawizi nyingi. Tulikunywa. Alimuuliza dada kama bado anakula sambaza, dada akamwambia anakula, akaguna kwa kuridhika kama tajiri aliyesikia ng'ombe wake wamezaa.

Tulipoaga alisisitiza kutusindikiza mpaka barabarani, akatembea polepole na fimbo, akikwepa matope. Waendesha pikipiki walikuwa wanatungoja. Dada alishajifunga blanketi, ameshapanda, ndipo akamgeukia.

"Tutakuja tena, Mwalimu. Jumapili ijayo, Mungu akipenda. Lakini ukianza hadithi ya harusi mbele ya watu wako, mimi nainuka naondoka."

Mwalimu alifikiri. Alifikiri kweli, fimbo imesimama mbele yake, kama mtu aliyeulizwa kama atauza shamba.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatazama njia iliyorudi kwake, akatazama vilima ambako watu wake wa Jumapili walikuwa wametawanyika kwenye viazi vyao.

"Bon," akasema. "Basi mukuje Jumamosi."